Funda la Kwanza: Vidokezo vya Kupima Chai na Huduma Ukiwa Safarini

Basi likiingia Korogwe asubuhi, konda hutangaza dakika ishirini, na abiria hutawanyika. Wapo wanaokimbilia vyoo, wapo wanaokimbilia machungwa. Mimi hutafuta chai. Nimezaliwa Tanga, na kazi imenipitisha miaka mingi katika barabara za Dar es Salaam, Arusha, Iringa, Mombasa na Nairobi, mara chache hadi Kampala, na mara chache zaidi ng'ambo. Kila nilipokunywa chai niliandika kwenye daftari: mahali, saa, bei, na ilikuwaje.

Vidokezo hivi vimetoka humo. Nchi zetu zinalima chai na kuiuza dunia nzima. Msafiri anayetoa pesa yake kwa kikombe kimoja anastahili chai iliyopikwa na mtu aliyekuwa anaiangalia.

1. Tafuta moto kwanza

Kabla ya kibao, meza au viti, tazama jiko liko wapi na juu yake kuna nini. Ukiona sufuria inafuka mvuke, mpishi ameshika upawa na chujio liko karibu, kaa hapo. Ukiona safu ya chupa za chai mezani na jiko limezimwa, uliza kwanza. Chai ya rangi huvumilia chupa kwa saa mbili tatu. Ya maziwa haivumilii. Harufu ya majani hutoka, maziwa huanza kunuka kama yaliyopikwa mara mbili, na chupa ambayo jana haikusuguliwa vizuri huongeza harufu yake.

Swali langu ni fupi: "Dada, chai hii imepikwa saa ngapi?" Kisha nasikiliza jibu na kutazama macho yanaelekea wapi. Mama mmoja kwenye kibanda cha Segera alinijibu, "Hii ya alfajiri, kaka. Kama una dakika kumi, nakuinjikia nyingine." Dakika kumi nilikuwa nazo. Katika daftari langu mama yule alipata alama zote za huduma kabla sijanywa funda la kwanza.

2. Agiza kwa jina la mahali ulipo

Tanzania ukisema "chai" tu, utaulizwa: ya rangi au ya maziwa? Nairobi mara nyingi hakuna swali, utaletewa ya maziwa, majani na maziwa yakiwa yamechemka sufuria moja. Ukitaka isiyo na maziwa, sema chai ya rangi au sturungi. Mombasa utawasikia wazee wakiagiza chai ya mkandaa, kwa jina la ule mti wa pwani ambao magome yake hutoa wekundu. Uganda hiyohiyo ni chai mukalu, na iliyopikwa na maziwa imeandikwa African tea kwenye orodha ya vyakula.

Angalia neno "kavu". Kwetu chai kavu ni chai isiyo na kitafunwa. Mukalu, kwa Kiganda, nalo maana yake ni kavu, lakini ukavu wenyewe ni wa kukosa maziwa. Niliwahi kuomba chai kavu Kampala nikitaka kikombe cha maziwa bila chapati, na nikaletewa ya rangi, nyeusi tii. Mhudumu hakukosea hata kidogo. Tangu siku hiyo nataja vitu vyenyewe: maziwa ndiyo au hapana, tangawizi ndiyo au hapana, sukari ndiyo au hapana.

3. Soma rangi kabla ya kuonja

Chai nzuri ya rangi ina wekundu unaong'aa kama shaba iliyosuguliwa. Ukiitia kwenye bilauri na kuiinua kwenye mwanga, unaona vidole vyako upande wa pili. Ikiwa nyeusi na imefifia, majani yamekaa motoni kupita kiasi au yamechemshwa mara ya pili. Chai ya maziwa nayo iwe na rangi ya chungu kipya. Ikiwa nyeupe kama uji, majani yamebanwa. Ikiwa ya kijivu, maji au maziwa yana tatizo.

Inafaa kujua kwa nini chai yetu hukolea haraka. Sehemu kubwa ya chai ya Afrika Mashariki hutengenezwa kwa mtindo wa CTC: majani hupitishwa kati ya magurudumu yenye meno yanayoyasaga, kuyachana na kuyakunja hadi yawe chenga ndogo za mviringo. Mashine hiyo ilibuniwa Assam, India, katika miaka ya 1930. Chenga hizo zikikutana na maji yanayochemka, dakika tatu hivi zinatosha kutoa rangi na nguvu yote unayoihitaji. Kwa hiyo mgahawa unaochemsha majani nusu saa hausaidii ladha. Unakamua uchungu tu. Ukiona kwenye pakiti herufi PF1, hiyo ni daraja ya chenga ndogo zinazopendwa sana sokoni, na ukiona neno "dust" ni vumbi laini zaidi, linalokolea haraka na kuwa chungu upesi likiachwa.

4. Fyonza funda la kwanza

Mombasa kuna mnada wa chai wa kila wiki. Ulianzia Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969, na unauza chai ya Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi, Kongo na nchi nyingine kadhaa. Kabla ya kuuza na kununua, waonjaji husimama mbele ya safu ndefu za vikombe, wakachota kijiko, wakafyonza kwa kishindo, wakazungusha mdomoni, wakatema. Kile kishindo kina kazi yake. Hewa huingia pamoja na chai na kupeleka harufu nyuma ya pua, na huko ndiko ladha nyingi inakotambuliwa.

Fanya hivyo kwa funda la kwanza tu, kwa sauti ya adabu. Tafuta mambo matatu. Kwanza, ule mguso wa kuchangamsha ulimi, kama chai inakuamsha. Pili, ukakasi kidogo pembeni mwa ulimi unaoondoka wenyewe. Ukakasi ukibaki hadi umalize kikombe, majani yamepikwa mno. Tatu, uzito: chai ijae mdomoni, isipite kama maji. Baada ya hapo kunywa kama kawaida na ufurahie safari.

5. Tafuta vijitone vyeupe

Ukiona chembechembe nyeupe zinaelea kwenye chai ya tangawizi, maziwa yamekatika. Mara nyingi maziwa hayakuwa mabaya. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa, na mpishi akiitwanga na kuitumbukiza kwenye maziwa ya baridi au ya vuguvugu, yatakatika mbele ya macho yake. Anayejua kazi huchemsha tangawizi kwenye maji kwanza, ikatokota sawasawa, joto likaua nguvu ile, ndipo maziwa yakafuata. Hii ndiyo alama yangu ya haraka ya kumtambua mpishi wa kweli. Utando laini wa maziwa unaokunjamana juu ya kikombe ni kitu kingine kabisa, nao ni dalili njema: maziwa yalikuwa na mafuta yake.

6. Usisahau maji

Kikombe cha chai ni maji karibu yote, na hakuna majani yanayoweza kushinda maji mabaya. Pwani yetu ina visima vyenye chumvichumvi, na chai iliyopikwa kwa maji hayo huwa nzito na bapa hata ukitia iliki kiganja kizima. Mgahawa unaojali huchota maji ya kunywa kwa ajili ya chai na kuacha ya kisima kwa kuoshea. Uliza bila haya. Mahali penye maji yenye chokaa nyingi, London ikiwamo, utaona utando mwembamba kama mafuta juu ya chai ya rangi. Chokaa imekutana na chai, wala kikombe si kichafu.

Kuna na jambo la mwinuko. Tanga maji huchemka kwa nyuzi 100. Nairobi, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, huchemka kwa nyuzi 94 hivi, na Limuru au Njombe chini zaidi ya hapo. Kwa hiyo kumwagia majani maji ya birika hakutoi matokeo yaleyale huko juu. Majani yanahitaji muda zaidi, au yachemkie motoni. Ukiwa nyanda za juu, agiza chai iliyopikwa kwenye sufuria. Ukiwa pwani unaweza kuamini birika.

7. Kifuko pembeni ya kikombe ni onyo

Hili linatokea zaidi kwenye hoteli za bei kubwa kuliko kwenye vibanda. Unaletewa kikombe cha maji, na kwenye kisahani pembeni kuna kifuko cha majani chenye uzi. Hadi kifike mezani, maji yamepoa. Majani ya chai nyeusi yanataka maji yanayochemka, si yaliyowahi kuchemka. Katika hoteli moja ya mjini nililipa bei ya vikombe vinane vya kibandani kwa maji ya vuguvugu yaliyotoa rangi ya majani makavu ya mwembe. Niliomba maji mengine, nikaletewa yaleyale yakiwa yamekaa kidogo zaidi.

Siku hizi naagiza hivi: "Naomba kifuko kiwe ndani ya kikombe kabla ya maji, na maji yamiminwe yanapochemka." Anayekubali bila kununa anapata alama. Na mahali palipo na shamba la chai umbali wa saa mbili, mgeni kupewa kifuko cha chai cha kutoka nje ni aibu ninayoisema wazi kila ninapoikuta.

8. Mashambani usidhani, onja

Watu hufikiri chai bora kuliko zote iko Kericho, Mufindi, Rungwe au Amani, kwa sababu kijani cha mashamba kimezunguka barabara. Wakati mwingine ndivyo. Lakini majani ya shambani huingia kiwandani, yakafungwa magunia, na sehemu kubwa ikaenda mnadani na melini. Kibanda cha kando ya shamba kinaweza kuwa kinapika pakiti ileile ya dukani unayopika nyumbani. Uliza kama wana majani ya kiwanda cha jirani. Wakiwa nayo, agiza ya rangi bila kiungo chochote, usikie udongo wa pale. Upande wa Kenya ulizia pia chai ya zambarau, aina ya TRFK 306 iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011. Maji yake ni mepesi, na ukikamulia limau rangi yake inageuka kuelekea waridi.

9. Maziwa: uliza ya nani

Ya ng'ombe wa jirani, ya pakiti au ya unga, yote huandikwa "chai ya maziwa" ubaoni. Ya unga si dhambi, ila uambiwe, na bei ipungue. Kericho na jirani zake maziwa ni mengi na chai yake hujaza tumbo. Wengi wetu wa pwani huiona nzito, wenyeji huiona ya pwani kama maji. Onja ya kwao kwa kipimo chao.

Eastleigh, Nairobi, au Garissa, omba chai ya maziwa ya ngamia. Wasomali huiita shaah, hutia iliki, mdalasini na karafuu. Maziwa ya ngamia yana chumvi kidogo kwa mbali, na mengine hubeba harufu ya moshi kutoka kwenye vyombo vilivyofukizwa ili yasiharibike. Funda la kwanza litakushangaza. La tatu ndilo la kuamulia.

10. Viungo visifunike majani

Unguja wanajua jambo hili kuliko wote: iliki iliyopondwa wakati huohuo, kijiti cha mdalasini, karafuu mbili, mchaichai ukitokota na maji, na bado chai unaisikia. Mahali pengine masala ya pakiti humwagwa kwa kijiko cha chakula, na kikombe kinawasha koo bila kuwa na chai ndani yake. Viungo vingi mno mara nyingi huficha majani machache. Jaribio ni rahisi. Kabla ya ya viungo, omba nusu kikombe cha ya rangi tupu. Kama hiyo imesimama yenyewe, nyingine itasimama.

Na mchaichai peke yake ni kinywaji kizuri sana usiku, lakini ni nyasi. Hauna jani la chai ndani. Ukitaka chai, sema hivyo.

11. Sukari iwe mkononi mwako

"Mmeshatia sukari?" Uliza kabla hawajamimina. Ukishaletewa imetiwa, hakuna njia ya kuitoa, na wengi kati yetu sasa tuna mzee, mama au mwenza aliyekatazwa na daktari.

12. Kitafunwa hutoa ushahidi

Siamini mgahawa wenye chai nzuri na mandazi ya jana. Mtu anayeamka alfajiri kukanda unga ndiye anayekumbuka kuosha chujio. Mombasa asubuhi nenda kwa mahamri na mbaazi. Hamri zuri limeumuka, ndani lina uwazi, linanukia iliki na tui la nazi, na ukilichana halikuachii mafuta kidoleni. Mbaazi ziwe zimeiva hadi kuvunjika, tui zito, chumvi kidogo. Kwa mahamri matamu chai isiwe na sukari nyingi. Kwa mbaazi chai ya rangi ndiyo inayosafisha mdomo. Tanga na Unguja tafuta kitumbua kikiwa bado kinatoka kwenye chuma, pembeni kimekauka, katikati laini. Barabarani, chapati ikunjuliwe mbele yako.

Angalia pia rangi ya mafuta kwenye karai. Yakiwa meusi, kunywa chai na uache vitafunwa. Na uende mapema, kwa sababu mahamri ya saa nne si mahamri ya saa moja.

13. Pima huduma kwa anayelipa kidogo

Tabasamu kwa mgeni mwenye begi kubwa ni rahisi. Mimi hutazama anavyohudumiwa kuli aliyeingia na pesa ya kikombe kimoja bila kitafunwa. Anasalimiwa? Anafutiwa meza? Anaambiwa ahamie nje? Hapo ndipo tabia ya mwenye mgahawa inapoonekana. Tazama pia mhudumu anavyoshika kikombe: vidole kwenye mkono wa kikombe au kisahani, kamwe si ukingoni utakapoweka midomo. Tazama vikombe vinaoshwa kwa beseni ngapi. Beseni moja la maji ya kijivu linatosha kukuondoa.

Nasi wateja tuna wajibu wetu. Usimwite mhudumu kwa kupiga mluzi au "wee". Dada, kaka, mama, bwana, mzee: maneno haya hayagharimu kitu. Unguja na Lamu salamu hutangulia agizo, na anayeanza na "nipe chai" atasubiri, tena kwa haki.

Mfano mmoja wa huduma ulionifunza uko Iringa. Mgahawa wa Neema Crafts umejulikana kwa kuajiri viziwi. Unaandika agizo kwenye karatasi, unaonyesha, mhudumu anasoma, anakutazama usoni kuhakikisha ameelewa. Kule kutazamana ndiko kunakokosekana kwenye migahawa mingi ya watu wanaosikia.

Mwingine uko Makindu, kwenye barabara ya Nairobi na Mombasa. Hekalu la Masingasinga, lililojengwa mwaka 1926, humkaribisha msafiri wa dini yoyote kwa chakula na chai ya maziwa bila malipo. Unavua viatu, unafunika kichwa, unakaa, unahudumiwa kama kila aliyekaa pembeni yako. Anayetaka huacha sadaka. Kila mwenye mgahawa barabara ile angepita pale mara moja, akaone jinsi mgeni anavyomiminiwa kikombe cha pili bila kuomba.

14. Ghuba: kaa ndani ya gari, agiza karak

Ukiwa Dubai, Doha au Muscat, chai ya mtaani ni karak: majani makali, maziwa ya kopo, sukari, iliki, vyote vikichemshwa pamoja hadi vizame katika rangi ya machungwa. Neno lenyewe limetoka Kihindi, lenye maana ya kali, nayo ilikuja na wafanyakazi wa Bara Hindi. Watu husimamisha gari mbele ya duka dogo, wakapiga honi au kuwasha taa, na mhudumu akatoka na vikombe vya karatasi. Usiihukumu kwa kipimo cha mezani. Ihukumu kwa moto wake, kwa kasi yake, na kwa iliki kama ni ya punje au ya unga. Muscat usishangae kusikia Kiswahili cha Unguja kwenye gari la pembeni. Familia nyingi zilirudi huko baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, hasa kuanzia 1970. Salimia. Mazungumzo yatakayofuata yatachukua vikombe viwili.

15. Uingereza: pima birika

Mwaka 1903 Limuru ilipandwa miche ya kwanza ya chai nchini Kenya. Mwaka huohuo, Glasgow, Catherine Cranston alifungua chumba chake mashuhuri cha chai, Willow Tea Rooms, kilichobuniwa na msanifu Charles Rennie Mackintosh hadi viti na vioo vyake. Nilipokaa kwenye chumba cha chai cha Uingereza kwa mara ya kwanza niliwaza juu ya mambo hayo mawili, kwa sababu chai nyingi inayomiminwa huko katika mchanganyiko wa kila siku imepita bandari ya Mombasa. Usiingie kama mgeni wa kuomba. Ni chai yenu pia.

Huko maziwa huja pembeni, ya baridi, na kila mtu hujimiminia. Wala usingoje chai ya kuchemka na maziwa, haiko. Pima haya: birika limepashwa moto kabla? Majani ni ya kuchujwa au ya kifuko? Wameleta chombo cha pili cha maji moto ili usinywe uchungu wa mwisho? Mhudumu mzuri atakuambia majani yakae dakika ngapi. Kwa kulinganisha, kipimo cha kimataifa cha waonjaji, ISO 3103, kinataka gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji, kwa dakika 6, na hicho ni kikali, kimewekwa ili kasoro zijitokeze. Kwa kunywa, dakika 4 zinatosha. Skoni iwe ya siku hiyo na ivunjike kwa mkono. Devon hutanguliza krimu, Cornwall hutanguliza jemu. Ukiwa kwao fuata wanavyofanya.

16. Rudi saa nyingine

Kikombe kimoja si hukumu. Mgahawa wa saa moja asubuhi na ule wa saa kumi alasiri huweza kuwa miwili tofauti chini ya paa moja, mpishi amebadilika, chupa zimechukua nafasi ya sufuria. Mimi hutoa alama kumi: moto tatu, majani tatu, maziwa na maji mbili, huduma mbili. Naandika na saa. Chini ya tano sirudi. Nane na kuendelea, napanga basi langu lipite hapo.

17. Mwambie aliyepika

Mhudumu hupata bakshishi, mwenye mgahawa hupata faida. Mpishi wa chai yuko nyuma, kwenye moshi, tangu alfajiri, na ni nadra mteja kumjua. Chai ikiwa mbaya, mwambie kwa sauti ya chini na useme kasoro yenyewe: imepoa, imechacha, maziwa yamekatika. Atajua la kufanya kesho. Ikiwa nzuri, lipa, kisha pita jikoni kabla basi halijapiga honi, umwambie mwenyewe. Yule mama wa Segera nilimwambia. Aliifuta mikono kwenye kanga yake akaniuliza narudi lini.